Mwaka wa Kungoja Msichana

Mwezi uliopita tulimzika Tata Wairimu huko Karatina, na kijana aliyepewa kipaza sauti akasoma kwamba marehemu alikuwa mama aliyependa masomo kuliko kitu kingine chochote duniani. Mimi nilicheka. Sikuwa nimepanga, ilitoka tu kama kikohozi, na dada yangu Nyokabi, aliyekuwa ameketi kando yangu chini ya hema, akanikanyaga mguu. "Nyamaza, Muthoni," akasema bila kugeuza uso. "Watu wanaangalia." Wacha waangalie. Tata Wairimu alikuwa dada ya mama yetu, na kwetu shangazi ni Tata, awe wa upande gani. Ni kweli kuna watoto wa watu waliosoma kwa sababu ya kelele alizopiga kanisani wachangiwe karo. Lakini masomo ya Nyokabi aliyafukia yeye, na waliomshikia jembe ni mama yetu mzazi na Muriithi, bwana ya Nyokabi. Nawataja kwa majina kwa sababu nimefika umri wa kutaja. Mimi shule niliachia darasa la saba, na mwaka ule hakuna mtu aliyeniuliza ninaonaje, kwa hivyo maoni yangu nimekaa nayo mpaka yakachacha. Sasa nayamwaga.

Mwaka wenyewe ulianza na baridi ya Julai. Nilikuwa nimepanga chumba kimoja Majengo, Nyeri mjini, nyuma ya msikiti, na katikati ya chumba nilikuwa nimetundika pazia. Upande wa mlango kulikuwa na jiko na mabenchi mawili ambapo watu walikula, na nyuma ya pazia kitanda nilicholalia na binti yangu Wangechi, ambaye wakati huo alikuwa darasa la pili. Nilipika githeri, yale mahindi na maharage, na chapati, wachuuzi walikuja saa ya chakula na kuondoka, na jioni inapokaribia Nyokabi aliingia akitoka kufundisha. Alifundisha biolojia katika shule ya wasichana. Yeye ndiye aliyesoma katika nyumba yetu, na hakuwa na maringo nayo. Alivua viatu, akageuza debe na kulikalia, akachukua kijiko na kukwangua ile githeri iliyoshika chini ya sufuria, kwa maana ndiyo aliyoipenda. Siku hiyo aliniambia akiwa bado anatafuna. "Wamenichukua." Nikamuuliza nani wamemchukua. "Chuo. Ile digrii ya pili. Nairobi, Septemba hii. Na ada ni wao wanalipa." Alitaka kusomea ugonjwa wa viazi, ule unaofanya shamba zima linyauke kwa wiki moja kama limemwagiwa maji moto. Shamba la mama huko Mweiga lilikuwa limenyauka hivyo mara nyingi, na Nyokabi tangu msichana mdogo alikuwa akichimba yale mashina, anayapasua na wembe kuangalia ndani. Nikamuuliza, "Na Muriithi anasemaje?" Akakwangua sufuria kidogo. "Sijamwambia." Nikamwambia amwambie akiwa amebeba begi mkononi. Tulicheka, lakini mimi sikuwa nacheka sana.

Kosa lake ni kwamba alikuwa mtu wa furaha. Jumapili iliyofuata alisimama kanisani akatoa ushuhuda, na kufika Jumatatu habari ilikuwa imefika hata kwa mabenchi yangu. Jamaa mmoja wa mitumba aliuliza akiwa na chapati mdomoni, "Ati viazi siku hizi vinataka digrii mbili? Si vinataka tu jembe na mvua?" Mwenzake akamjibu, "Wewe ndio unataka digrii. Vile unachagua viazi, mke wako hulia." Hayo yalikuwa maneno ya mzaha na hayakuumiza mtu. Yaliyoumiza yalisemewa Mweiga.

Mama alikuwa mgonjwa tangu mvua ya Aprili. Tumbo lilikuwa limekataa chakula, daktari alikuwa amemwambia Muriithi kando kwamba hakuna cha kufanya, na sisi sote tulijua, na yeye alijua tunajua. Walikuwa wamemhamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha linaloangalia milima ya Nyandarua, na jiko la makaa halikuzimwa. Ili mtu aelewe kilichofanyika katika sebule ile, lazima ajue jinsi tunavyoitana. Kwetu msichana wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, wa pili huchukua la mama ya mama yake, na tunasema yule bibi amezaliwa. Si jina tu. Mimi wa kwanza ni mama ya baba yangu aliyezaliwa, na mama yangu hakupatana hata siku moja na mavyaa wake. Kwa hivyo alikuwa akiniandalia chai kwa heshima na kunyamaza, hivyo tu, maisha yangu yote. Nyokabi wa pili alichukua jina la mama ya mama. Basi mama alimwita Nyokabi "Maitu," yaani mama yangu, na alipomwita hivyo sauti yake iligeuka ikawa ya mtoto. Nyokabi naye alikuwa na msichana mmoja, ambaye kwa haki alikuwa na jina la mama ya Muriithi. Aliyefuata, akiwa msichana, angekuwa mama yetu.

Tulipofika mimi, Nyokabi na Muriithi kumwambia habari za chuo, Tata Wairimu alikuwa ameketi kitandani anamchana mama nywele. Nyokabi alieleza yote, Septemba, Nairobi, atakuwa akirudi Ijumaa. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamshika mkono. "Maitu," akasema, "nizae kwanza." Akauvuta ule mkono karibu naye. "Vitabu vitangoja. Mimi sitangoja. Nizae kwanza nijue nimebaki mahali, halafu uende usome mpaka uchoke." Nyokabi akauliza kwa sauti ndogo, "Na akiwa mvulana?" Tata Wairimu hakusimamisha kitana. "Funga hiyo mdomo yako. Mungu anajua tunataka nini. Tumeshamwambia." Nimejiuliza mara nyingi mtu anamjibu vipi mama yake anayekufa, anayemwita mama, anayeomba kuzaliwa. Mimi nina jibu, lakini mimi sikuwa nimeombwa.

Nilitoka nje kumenya viazi jikoni, kwenye kile kijumba cha moshi, na hapo nikasikia sauti karibu na tangi la maji. Walidhani niko ndani. Tata Wairimu alikuwa akisema, "Mwanamke akipata digrii ya pili, wewe unabaki wa kumfungulia geti. Nakuambia nikiwa nimeona." Muriithi akasema, "Mimi sijakataa, Tata. Mimi sijasema kitu." "Ndio hiyo nakuambia. Usiseme kitu. Wacha mgonjwa aseme." Na Muriithi, bwana aliyeoa msichana aliyesoma na akajigamba naye kwa ukoo mzima, akasema sawa. Nilisikia hiyo sawa kwa masikio yangu, kisu kikiwa mkononi. Akaingia ndani, akaketi, na kila Nyokabi alipomwangalia ili amsaidie kwa neno moja, aliangalia kofia yake aliyoiweka juu ya goti. Watu humsifu Muriithi kwa upole. Nimeishi kuona upole wa aina hiyo unaweza kufanya nini.

Nyokabi akapiga simu chuoni. Yule profesa aliyemkubali, mama mmoja mwenye sauti kavu, akamwambia, "Nitakushikia nafasi mwaka mmoja. Wa pili siwezi, mwalimu, kuna wengine mlangoni." Kwa hivyo mambo yalikuwa wazi kama mchana: azae, amalize, na Septemba iliyofuata aende, la sivyo asiende tena.

Hapo ndipo niliona kwamba mimi niko na dawa. Mtu kama mimi, aliyezalia nyumbani bila bwana, hana mavyaa wa kurithiwa jina, na msichana wake wa kwanza huenda moja kwa moja kwa mama yake. Wangechi wangu alikuwa Wangechi kwa sababu mama yangu ni Wangechi. Mama alikuwa ameshazaliwa zamani, anatembea, anajua kusoma, ana pengo la meno mbele. Nilimvalisha Wangechi sweta ya shule iliyofuliwa, nikampaka mafuta miguu, tukaenda Mweiga mimi na yeye tu. Nilimpa kikombe cha uji ampelekee nyanya yake. Nikasema, "Maitu, unayemngoja ni huyu. Huyu ni wewe. Wacha Nyokabi aende." Mama alimwangalia mtoto kwa muda, si kwa ubaya, kama mtu anayeangalia kitu sokoni ambacho hatanunua. Akaniambia na ile heshima yake baridi, "Huyo ulimzalia jikoni. Hakuna mbuzi alifika hapa, hakuna mtu alipiga hodi kwa huo mlango kusema ni wetu. Mimi sitaki kuzaliwa jikoni. Nataka kuzaliwa sebuleni." Wangechi hakulia. Aliniangalia akauliza kama arudishe kikombe ama akishike tu.

Watu huniambia mama alikuwa mgonjwa, ugonjwa ndio ulikuwa ukiongea. Hapana. Ugonjwa ulimwondolea nyama, haukumwondolea akili. Alijua alichosema, na namtaja pamoja na wengine, ingawa alinizaa na ingawa nilimwosha mpaka mwisho.

Kufika Oktoba, Nyokabi alikuwa na mimba. Mwaka huo mwingine wote naukumbuka kama tumbo linalokua na watu wameketi karibu nalo. Tata Wairimu alishuka kila mara kutoka Karatina na mfuko wa njahi, ile maharage nyeusi ya kulisha wanawake waliojifungua, na akazileta kabla hata tumbo halijaonekana. "Kula. Mtoto akijua chakula kimeandaliwa, atakuja mzuri." Nyokabi alikula hizo njahi mpaka midomo ikageuka rangi. Wanawake wa soko walimsimamisha njiani wakamwangalia anavyotembea. Wengine walisema tumbo liko juu kwa hivyo ni msichana, wengine wakasema akivuka mtaro hutanguliza mguu wa kushoto, na huo pia ni wa msichana. Kliniki walipotaka kumwangalia na ile mashine ya picha, Tata akakataa, akasema ukimchungulia mgeni kabla hajaingia anageuka nyuma. Na huko Mweiga, kila Nyokabi alipoingia sebuleni, mama aliuliza, "Maitu, nimefika wapi?" Nyokabi aliweka mkono wa mama kwenye tumbo lake. "Umefika hapa." Mwezi uliofuata, "Na sasa?" "Sasa umefika kwa mbavu." Mama alikuwa akiisha upande mmoja na kuongezeka upande wa pili, na nilimwona akitabasamu kwa jambo hilo.

Lakini mchana, katika chumba changu Majengo, kulikuwa na mwaka mwingine. Nyokabi alikuja akiwa amechoka, akalala kwa kitanda changu miguu ikiwa juu ya mto, na kitabu kikubwa cha udongo na magonjwa kimeegemea tumbo. Alisoma kwa sauti ili asisinzie. Wangechi aliketi karibu na kichwa chake akifuata maneno kwa kidole, akiuliza hii ni nini, na hii. Mimi nilikuwa upande ule wa pazia nakanda unga, nikasikia dada yangu akimweleza mtoto wangu jinsi mdudu asiyeonekana anavyoingia kwa mzizi, anaziba mishipa ya maji, na mmea unakauka ukiwa umesimama ndani ya udongo ulioloa. "Kwa hivyo maji iko?" Wangechi akauliza. "Iko mingi." "Na inakufa na kiu?" "Inakufa na kiu." Nikamsikia Nyokabi akifunga kitabu. Baadaye kidogo akaniita kupitia pazia, "Muthoni. Septemba ikifika, utanikalia na mtoto?" Nikamwambia nitakaa naye mpaka aote ndevu. Hakucheka, na mimi nikakumbuka hatukupaswa kutaja ndevu.

Alizaa Julai, mvulana, mwenye afya, analia kama mtu wa mnada. Tata Wairimu alifika hospitali nikiwa hapo. Alifungua shuka, akaangalia, akaifunga tena polepole. "Ni msichana," akasema. Nyokabi alikuwa bado hana nguvu. "Tata, nimezaa mimi. Najua." "Na mimi nakwambia ni msichana. Mama yako yuko na siku chache, na hawezi kufungua nepi." Nilimwangalia Muriithi. Alisema, "Tusimsumbue mgonjwa." Hayo ndiyo maneno yake ya pekee ninayokumbuka siku hiyo, na mwanawe wa kiume wa kwanza ndiye aliyekuwa ndani ya ile shuka.

Walimpeleka Mweiga akiwa amefungwa blanketi ya rangi ya waridi. Mimi nilikataa kuingia. Nilisimama nje na Wangechi chini ya dirisha, lilikuwa wazi kwa sababu ya harufu ya dawa, kwa hivyo tulisikia yote. Nilisikia mama akisema, "Nileteni nijione." Nilisikia kitanda kikilia wakimwinua. Halafu nikamsikia akimtemea mate kifuani, anambariki, jinsi wazee wetu walivyobariki. Kisha akaita kwa sauti yenye nguvu, sauti ya zamani ya kuita watu kutoka shambani, "Wangechi." Na binti yangu, aliyekuwa amenishika sketi, akainua kichwa akamwitikia nyanya yake, "Niko hapa, Cucu." Alidhani hatimaye ameitwa. Ukaja mkono wa Tata Wairimu, na bangili yake ya shaba, ukavuta dirisha ukalifunga.

Mama alikufa wiki hiyo hiyo, ametulia. Sina la kusema juu ya hilo. Baada ya mazishi nilimwambia Nyokabi, sasa uko huru. Mtoto anakunywa chupa, mimi nipo, Nairobi si Ulaya. Akakubali. Alikuja Majengo na nguo zake za kuendea chuo, tukazipiga pasi ya makaa juu ya benchi, na alikuwa ameanza kuongea haraka tena kama zamani. Siku zilizobaki zilikuwa chache. Ndipo Tata Wairimu akaingia, Muriithi nyuma yake ameinama kwa sababu mlango wangu ni mfupi, wakaketi mahali wateja hukaa.

"Nasikia unaenda," Tata akasema.

"Ndio, Tata. Jumatatu."

"Na mama yako?"

"Mama tumemzika."

"Umemzika akiwa anaamini amezaliwa. Ulimwekea mvulana mikononi, akampa jina lake akaenda bila jina. Sasa yuko huko anangoja. Wewe unataka kwenda kusoma udongo, na mama yako anangoja ndani yake."

Mimi nikasema, "Ni wewe ulisema ni msichana."

Tata hata hakugeuka. "Mimi nilisema. Yeye ndiye alimbeba mtoto akampelekea." Kisha akamwangalia Muriithi, na Muriithi akapata sauti, ile aliyokuwa ameificha mwaka mzima. "Ni msichana mmoja tu, Nyokabi. Mmoja tu turekebishe, halafu uende. Hata mimi nitakupeleka."

Dada yangu alikuwa ameshika blausi iliyopigwa pasi nusu. Aliikunja. Aliikunja vizuri, mikono ndani, kola juu, kama za dukani, akaiweka juu ya zile nyingine, na nikajua imeisha. Profesa alifanya alivyosema: nafasi ilichukuliwa na aliyekuwa mlangoni. Nyokabi akangoja msichana, akapata mvulana wa pili, na baada ya huyo daktari akamwambia asijaribu tena. Mama yetu hakuzaliwa sebuleni. Na yule aliyezaliwa jikoni, jioni ile ya dirisha, tulipokuwa tunarudi, aliniambia shuleni anataka kuitwa Esta, jina la ubatizo. Mpaka leo ni Esta. Anafanya kazi Nanyuki, na alipopata habari za kifo cha Tata Wairimu alituma salamu na kusema hakupata ruhusa. Sikumbembeleza.

Nilidhani hapa ndipo nitamalizia, na majina matatu: Wairimu, Wangechi mama yangu, Muriithi. Lakini siku hiyo ya mazishi, watu walipokuwa wanapanga mstari wa chakula, Nyokabi alinivuta nyuma ya hema. Sasa ni naibu wa mwalimu mkuu, ana miwani ya kamba. Akaniambia, karibu na sikio, kwamba ameomba tena. Chuo kingine, karibu, hata Nairobi hahitaji kwenda. Viazi, vile vile. Wamemkubali, anaanza Septemba. Nikataka kumkumbatia, na sisi si watu wa kukumbatiana.

"Lakini," akasema, "mama ya Muriithi ameanza kusahau. Anatoka usiku anapotea. Hawezi kuachiwa msichana wa kazi. Nimefikiria nisukume mwaka mmoja tu, tuone vile ataendelea."

"Nani amekuambia usukume?"

"Hakuna mtu. Ni mimi nimefikiria."

Niliangalia kaburi. Udongo ulikuwa bado umelowa, koleo ziko juu yake. Tata Wairimu alikuwa chini kabisa, tumemshindilia sisi wenyewe, na alikuwa akiongea kwa mdomo wa dada yangu bila kukosea hata neno. Muriithi alikuwa mbali akigawa soda. Hakuna aliyetulazimisha chochote nyuma ya ile hema.

Sikumjibu hapo. Namjibu hapa, kwa sababu najua utasoma, Nyokabi, wewe husoma kila kitu. Nimeandika majina ya waliokumaliza, na nimeongeza lako. Liko hapo pamoja na ya wengine, la nne. Mama ya Muriithi nitakaa naye mimi. Mlete Majengo, nimeshazoea wanaopotea. Wewe uende Septemba. Ukienda, kuja uniambie ukiwa umetoka darasani, si kabla, na nitalikata jina lako mbele yako. Usipokwenda, litabaki hivyo lilivyo, na wajukuu wetu watalisoma.